Kawia Ufike: Usalama katika Majaribio ya Mitandao Inayostahimili Ucheleweshaji

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tumewahi kutuma mzigo kwa basi. Unafunga boksi kwa selotepu, unaandika juu yake kwa kalamu nene jina la mpokeaji na namba ya simu, unalipa pale stendi, kisha unampigia ndugu yako wa Mbeya au Kisumu kumwambia ni basi gani limebeba na litaingia saa ngapi. Baada ya hapo huna la kufanya. Mzigo uko mikononi mwa dereva na konda usiowajua. Basi likifika, ndugu anaonyesha kitambulisho, anakagua kama selotepu haijaguswa, anachukua na kwenda zake.

Miaka ishirini na kitu iliyopita, watafiti wa kompyuta walianza kutuma data kwa namna hiyohiyo, na mara nyingine kwa mabasi hasa. Mitandao waliyoijenga inaitwa mitandao inayostahimili ucheleweshaji. Katika makala haya nitaiita kwa ufupi mitandao ya subira. Ni mitandao ya mahali ambapo intaneti ya kawaida haifiki, au inafika na kukatika: vijiji vya mbali, milima ya theluji, mbuga za wanyama, anga za juu. Ujumbe haupiti moja kwa moja kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Unahifadhiwa, unabebwa, unakabidhiwa kwa mwingine, hadi ufike. Wahenga walisema kawia ufike.

Nataka kuangalia upande mmoja wa historia hiyo, nao ni usalama pale mitandao hii ilipotolewa maabara na kupelekwa kwa watu. Hoja yangu ni kwamba ugumu haukutokana na uhaba wa njia za kuficha siri. Njia zilikuwepo, na zilikuwa imara. Ila zilihitaji vitu viwili ambavyo pasipo mtandao ni adimu: mtu wa kumuuliza, na saa inayokubaliwa na wote. Kwa kuwa jambo lilikuwa gumu, sehemu zake ngumu zaidi ziliahirishwa, ilhali watumiaji wa majaribio walikuwa watu halisi wenye mambo halisi ya kuficha.

Kutoka Mirihi hadi kijijini

Wazo lilianzia mbali. Mwaka 1998, Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, alianza kushirikiana na wataalamu wa maabara ya JPL huko California, akiwemo Adrian Hooke, kutafuta namna ya kuunganisha sayari kwa mtandao. Ishara ya redio kutoka duniani hadi Mirihi huchukua dakika kadhaa, na zaidi ya dakika 20 sayari hizo zinapokuwa mbali kabisa. Intaneti tunayoijua haiwezi kuishi hivyo, kwa sababu imejengwa juu ya mazungumzo ya haraka. Kompyuta moja husema "upo?", nyingine hujibu "nipo", ndipo data inaanza kupita.

Mwaka 2003 Kevin Fall, wakati huo akiwa mtafiti wa Intel huko Berkeley, alionyesha kwamba tatizo la Mirihi liko pia hapa duniani. Kijiji kinachofikiwa na basi mara moja kwa siku kiko, kwa macho ya kompyuta, mbali kuliko sayari nyingine. Mwaka 2007 zikatoka nyaraka mbili za msingi. RFC 4838 ya mwezi Aprili ilieleza muundo wa mtandao, na RFC 5050 ya Novemba ilieleza itifaki ya vifurushi, yaani kanuni za kufunga na kukabidhi data.

Waraka wa usalama wa vifurushi hivyo, RFC 6257, ulitoka Mei 2011. Rasimu zake zilikuwa zikizunguka kabla ya hapo, na waandishi wake hawakuwa wavivu. Hata hivyo, kati ya kanuni ya kusafirisha na kanuni ya kulinda ilipita miaka mitatu na nusu, na katika kipindi hicho majaribio hayakusimama. Mwaka 2008 pekee itifaki hiyo ilijaribiwa katika setilaiti ya Kiingereza ya UK-DMC, kisha NASA ikapitisha makumi ya picha kwenda na kurudi katika chombo kilichokuwa zaidi ya kilomita milioni 32 kutoka duniani.

Basi la Karnataka na swali la konda

Vijijini kazi ilikuwa imeshaanza kabla ya nyaraka hizo. Watafiti wa MIT, wakiwemo Alex Pentland, Richard Fletcher na Amir Hasson, walibuni mfumo wa DakNet. Neno *dak* kwa Kihindi ni posta. Basi la abiria lilifungwa kifaa cha Wi-Fi, na kila lilipopita karibu na kibanda cha kompyuta kijijini, data iliingia na kutoka. Katika jimbo la Karnataka, India, mfumo huo ulitumiwa pamoja na mradi wa serikali wa kumbukumbu za ardhi. Huko Ratanakiri, Kambodia, kazi hiyohiyo ilifanywa na pikipiki zilizopita shuleni na kwenye vituo vya afya.

Tusimame kidogo hapo kwenye kumbukumbu za ardhi. Sote tunajua kwetu hati ya shamba ina uzito gani. Sasa hati hiyo, au ombi la kuipata, iko ndani ya kisanduku chini ya kiti cha dereva. Maswali ya usalama hapa ni yaleyale ya mzigo wa stendi, nayo ni matatu. Je, kuna aliyesoma kilichomo? Je, kuna aliyekibadilisha? Na je, aliyekituma ni yule anayedai kuwa ndiye? Wataalamu huyaita usiri, uadilifu na uthibitisho. Kwa boksi tuna selotepu na kitambulisho. Kwa data kuna usimbaji wa siri na saini za kidijitali.

Mradi wa KioskNet wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ulioongozwa na Srinivasan Keshav na kujaribiwa mwaka 2006 katika kijiji cha Anandapuram, India, ulilichukulia swali hilo kwa uzito tangu mwanzo. Waliobuni walikubali jambo ambalo wengi hulikwepa, kwamba mwenye kibanda naye anaweza asiaminike. Kompyuta ni yake, iko kwake usiku kucha, na kijiji kizima kinahifadhi barua zake humo. Kwa hiyo data ya kila mtumiaji ilihifadhiwa ikiwa imefichwa, na kila mtumiaji akawa na funguo zake zilizothibitishwa na mwendeshaji wa mfumo mzima.

Ufunguo, saa, na mtu wa kumuuliza

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Unapofungua tovuti ya benki hapa ulipo, simu yako hufanya mambo mengi kwa kupepesa jicho. Huomba cheti cha benki, hukagua nani amekitia saini, hutazama tarehe, na inaweza kuuliza kama cheti hicho kimefutwa. Maswali yote hayo yanadhani kwamba kuna wa kujibu sasa hivi.

Kijijini, swali linaondoka na basi la leo na jibu linarudi na basi la kesho. Tena basi hilo ndilo lililoleta ujumbe unaoutilia shaka. Tuseme kompyuta ya kibanda imeibiwa usiku. Makao makuu yanatoa tangazo: "Msiamini tena ufunguo wa kibanda fulani." Tangazo hilo nalo ni kifurushi, nalo linangoja basi. Mpaka lifike vijiji vyote, mwizi bado ni mtu wa kuaminika. Katika intaneti ya kawaida pengo hilo linaweza kuwa la dakika au saa chache. Katika mtandao wa subira linaweza kuwa siku au wiki.

Mwaka 2005 Aaditeshwar Seth na Keshav walipendekeza njia ya kupunguza kuulizana: jina la mtu lenyewe liwe ndilo ufunguo wake wa wazi. Ukilijua jina, unaweza kumfungia barua bila kumuuliza mtu yeyote. Ni wazo zuri, lakini lina bei yake. Katika mbinu ya namna hiyo yupo anayetoa funguo za siri kwa kila mtu, na anayezitoa anaweza pia kusoma barua za kila mtu. Imani haikuondoka, ilihama tu kutoka kwa konda kwenda kwa mwenye kampuni ya mabasi.

Kisha kuna saa. Kila kifurushi cha RFC 5050 kilibeba wakati kilipoundwa na muda wake wa kuishi. Muda ukiisha, nodi inakitupa. Huu ni ulinzi mzuri, kwa sababu bila hivyo mtu anaweza kuokota kifurushi cha zamani na kukituma upya, au kuujaza mtandao takataka zisizokufa. Lakini fikiria kompyuta ndogo inayotegemea jua. Betri imekwisha usiku, asubuhi inaamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa. Kila kifurushi inachopokea kinaonekana kimetoka siku zijazo, na kila inachotuma kinaonekana kwa wengine kimekufa zamani. Hakuna adui aliyeshambulia, ila barua hazifiki. Hata vyeti navyo vina tarehe, kwa hiyo saa ikikosea, ulinzi wote unakosea pamoja nayo.

Lloyd Wood, aliyeshiriki majaribio ya UK-DMC, pamoja na Wesley Eddy na Peter Holliday, walilisema hili wazi mwaka 2009. Waliikosoa itifaki kwa kutegemea saa zinazolingana. Waliikosoa pia kwa kukosa njia yake yenyewe ya kugundua kwamba data imeharibika njiani. Ukosoaji wa namna hii haupendezi kwa waliotoa jasho, lakini ndio uliosaidia. Toleo jipya la itifaki, RFC 9171 la Januari 2022, linaruhusu nodi isiyo na saa ya kuaminika kuandika umri wa kifurushi badala ya tarehe. Pia limeongeza namba za kukagua uharibifu. Tukumbuke tu kwamba namba hizo hugundua ajali, hazimzuii mwenye nia mbaya. Anayeweza kubadilisha data anaweza kukokotoa namba upya.

Milima ya Wasami

Jaribio moja linaonyesha vizuri jinsi uwanja unavyotofautiana na maabara. Kaskazini mwa Sweden, juu ya mstari wa Aktiki, wanaishi Wasami, ambao baadhi yao huhamahama na mifugo yao, kulungu wa nchi za baridi. Wazo la kuwapatia mawasiliano kwa njia hii lilitolewa mapema miaka ya 2000 na Avri Doria na wenzake. Baadaye mradi wa N4C, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ulikwenda huko na vifaa. Katika kiangazi cha 2010 watafiti, akiwemo Stephen Farrell wa Trinity College Dublin, mmoja wa waandishi wa RFC 6257, waliweka ruta zinazotumia nguvu ya jua katika makazi ya eneo la Padjelanta. Helikopta zilizokuwa zikisafirisha watu na mizigo ndizo zilizobeba data. Waliohudumiwa walipata barua pepe na kurasa za wavuti.

Tutazame jaribio hilo kwa macho ya usalama. Vifaa vimeachwa mlimani bila mlinzi. Rubani anabeba kisanduku asichokijua ndani yake. Mtumiaji si mwanafunzi wa maabara aliyelipwa kutuma ujumbe wa majaribio, bali mfugaji anayeandikia familia yake. Mtafiti anataka kuhifadhi kumbukumbu zote za nani alituma nini na lini, kwa kuwa hizo ndizo matokeo yake. Kwa mtumiaji, kumbukumbu hizohizo ni maisha yake. Hapo hatari haitoki kwa mvamizi wa mbali. Inaweza kutoka ndani ya daftari la mtafiti mwenyewe, likihifadhiwa ovyo au likichapishwa bila kufutwa majina.

Nakala nyingi, macho mengi

Upande mwingine wa hadithi uko Amherst, Massachusetts. Chuo Kikuu cha Massachusetts kilifunga vifaa katika mabasi 30 na kuuita mtandao huo DieselNet. Mwaka 2007 John Burgess, George Bissias, Mark Corner na Brian Levine waliuliza swali la ujasiri: itakuwaje tukiacha kabisa kuthibitisha nani ni nani? Walichukua kumbukumbu za mabasi hayo, na za mradi mwingine wa Haggle, wakapima mashambulizi kwa hesabu. Mshambuliaji aliyeteka asilimia 30 ya nodi alipunguza ujumbe uliofika kutoka asilimia 70 hadi 55. Hata hivyo, aliyejua mapema mabasi yatakutana wapi na lini aliweza kuushusha hadi asilimia 20. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mitandao hii ni migumu kuvunjika, kwa sababu kila ujumbe una nakala nyingi. Waliongeza kwamba kulazimisha funguo na vyeti kunaweza kuwafukuza washiriki wengi kuliko hasara ambayo mshambuliaji angeileta.

Ni hoja yenye nguvu, na yeyote aliyewahi kuwashawishi watu wazima kijijini waweke nenosiri anaielewa. Lakini ilipima jambo moja, nalo ni kufika. Nakala nyingi zinazosaidia ujumbe ufike ndizo zinazowapa watu wengi nafasi ya kuusoma. Ukituma barua moja kwa makonda kumi, hakika itafika, na makonda kumi wameishika.

Mfano wake uko karibu na nyumbani. Mwezi Januari 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakiongozwa na Margaret Martonosi, waliwavalisha punda milia kola zenye GPS katika nyanda za Laikipia, Kenya. Katika mfumo huo wa ZebraNet, wanyama wawili walipokaribiana, kola zao zilibadilishana kumbukumbu, ili mtafiti akimkaribia mmoja apate habari za wengi. Kwa sayansi ni akili nzuri sana. Kwa usalama maana yake ni kwamba anayeokota kola moja hapati safari za punda milia mmoja, anapata za kundi. Ukiweka kifaru au tembo mahali pa punda milia, jambo hilo si la kitaaluma tu. Mwaka 2013 huko India liliripotiwa jaribio la kuingia katika barua pepe iliyopokea habari za mahali alipo simbamarara mwenye kola katika hifadhi ya Panna.

Jaribio linapogeuka kuwa tegemeo

Hadi hapa tumekuwa na watafiti wenye muda na wenye kuandika makosa yao. Kilichofuata ni programu za simu zilizochukua wazo lilelile la kupokezana na kulipeleka sokoni. Bridgefy, ambayo hupitisha ujumbe kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth bila intaneti, ilitumiwa na waandamanaji wa Hong Kong mwaka 2019. Agosti 2020 watafiti wa Royal Holloway, hapa Uingereza, walichapisha uchunguzi wao. Walionyesha kwamba watumiaji wangeweza kufuatiliwa, kuigizwa, na ujumbe wao kusomwa, na kwamba ujumbe mmoja uliotengenezwa kwa hila ungeweza kuuangusha mtandao. Baadaye mwaka huo kampuni ilihamia itifaki ya Signal, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa udhaifu haukuwa umekwisha.

Sioni ubaya kwa mtu kubuni kifaa kwa matumizi madogo. Tatizo ni kwamba watu wenye shida hawasubiri kifaa kikamilike. Intaneti ilipozimwa Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, wengi wetu tulikaa ughaibuni tukiita simu za nyumbani bila majibu. Mtu aliye katika hali hiyo atachukua chochote kinachosemekana kufanya kazi. Hataanza kwa kuuliza nani ameshika ufunguo.

Kilichobaki

Mwaka 2022 waraka mpya wa usalama, RFC 9172, ulichapishwa pamoja na toleo jipya la itifaki. Safari hii usafirishaji na ulinzi vilitoka mwezi mmoja. Hayo ni maendeleo ya kweli, na yanatokana na watu waliopanda milima na kufungua visanduku vya mabasi. Februari 2024 NASA ilirusha setilaiti ya PACE inayotumia mitandao hii kwa kazi ya kila siku, si kwa majaribio. Lakini swali la namna funguo zitakavyogawiwa na kufutwa bado limeachwa nje ya waraka huo, kama lilivyoachwa nje ya ule wa 2011. NASA inaweza kuweka funguo chomboni kabla hakijaruka. Kibanda cha kijiji hakina anasa hiyo, kwa sababu watumiaji wapya huja kila wiki, na wengine husahau, hufa, hugombana na kuibiwa simu.

Miongoni mwetu chuoni wapo wanaosomea uhandisi, afya ya jamii na maendeleo, na wapo watakaorudi Afrika Mashariki na mradi wa namna hii. Historia hii inawaachia maswali matatu ya kuuliza kabla kifaa cha kwanza hakijafungwa kwenye basi. Kisanduku kikiibiwa leo usiku, mwizi atapata nini, na itachukua siku ngapi kila mtu kujua? Saa ikipotea, barua za nani zitatupwa? Na kumbukumbu za jaribio, baada ya ripoti kuandikwa, zitabaki kwa nani?

Mama anayepokea mzigo stendi hajui lolote kuhusu RFC. Lakini anajua kugeuza boksi na kutazama selotepu kabla ya kusaini. Mtandao wa subira utakuwa tayari kwa watu siku ambayo naye ataweza kukagua ujumbe wake hivyo, bila kumngoja mtaalamu wa basi la kesho.